Super Mario Bros. 2 na kesi ya mtoto wa kambo

Shy Guy, mmoja wa maadui wa gemu hii, anakuja taratibu, mfupi, kavaa joho jekundu na kinyago cheupe. Aliyetoka kucheza Super Mario Bros. ya 1985 anajua la kufanya: unaruka, unamtua kichwani, anabonyea, safari inaendelea. Basi unaruka, unamtua kichwani, na hakuna kinachotokea. Shy Guy anaendelea kutembea huku umesimama juu yake kama abiria. Hafi, hashtuki, wala hageuki. Ni mpaka ubonyeze kitufe cha B ndipo unapoinama, unamng'oa chini ya miguu yako mwenyewe, unambeba juu ya kichwa, kisha unamtupia mwenzake anayekuja nyuma.

Sekunde hizo chache ndizo zilizozaa ubishi ambao hadi leo haujaisha. Super Mario Bros. 2, ile iliyotoka Marekani Oktoba 1988 kwa ajili ya konsoli ya NES, ina wapenzi wanaoitetea kama ndugu yao na ina watu wanaoikataa kabisa kabisa. Kauli ya wanaoikataa ni fupi: hii si Mario ya kweli. Nimeisikia kauli hiyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na kila nikimbana anayeisema afafanue, hutoa moja ya majibu mawili. La kwanza ni la mikono: gemu haichezeki kama Mario. La pili ni la cheti cha kuzaliwa: gemu ilianza ikiwa kitu kingine, ikavalishwa nguo za Mario ikiwa tayari imekua.

Majibu haya hayalingani, ingawa watu huyataja kwa pumzi moja. La mikono lina uzito na linastahili mjadala mrefu. La cheti limetupotezea muda mwingi sana, na baya zaidi, limewafanya watu waache kuitazama gemu yenyewe. Anayejua historia yake husimulia kwa fahari kama mtu aliyefichua siri ya ukoo, kisha anaona kazi imekwisha.

Historia yenyewe si siri tena, lakini inafaa isimuliwe yote. Juni 1986 Nintendo ilitoa nchini Japani Super Mario Bros. 2 nyingine kabisa, kwenye diski za Famicom Disk System, kifaa cha kuongezea kwenye Famicom, yaani NES ya Japani. Picha zilikuwa karibu zilezile za 1985, na sheria zilezile, ila ugumu ulikuwa umezidishwa makusudi. Kulikuwa na uyoga wa sumu, upepo unaokusukuma ukiwa hewani, na njia za mkato zinazokurudisha ulimwengu wa nyuma badala ya kukupeleka mbele. Kwenye jalada iliandikwa kwamba ni ya wachezaji waliobobea. Howard Phillips, aliyekuwa akizipima gemu za Kijapani kwa niaba ya Nintendo of America, aliicheza akaona inaudhi kuliko inavyofurahisha. Marekani haikuipokea.

Wakati huohuo, mwaka 1987, televisheni ya Fuji ilikuwa na maonyesho makubwa yaliyoitwa Yume Kojo '87. Nintendo ikatengeneza gemu ya kuyatangaza: Yume Kojo: Doki Doki Panic, iliyotoka Julai mwaka huo chini ya uongozi wa Kensuke Tanabe. Wahusika walikuwa familia ya maonyesho hayo: Imajin, Lina, Mama na Papa. Wanaingia ndani ya kitabu cha hadithi kuwaokoa watoto pacha walionyakuliwa na chura mkubwa aitwaye Mamu. Mwaka uliofuata Imajin akageuzwa Mario, Mama akawa Luigi, Lina akawa binti mfalme Toadstool (tunayemwita Peach siku hizi), na Papa akawa Toad. Chura akapewa jina la Wart. Ndiyo gemu tunayoibishania.

Wanaoishtaki husimama hapo. Wangeendelea hatua moja nyuma wangekuta jambo linaloivuruga kesi yao. Tanabe alieleza miaka mingi baadaye kwamba kabla ya Doki Doki Panic kulikuwa na jaribio jingine, la wachezaji wawili wanaopanda juu kwa kupangana vitu na kurushana wenyewe kwa wenyewe. Jaribio lile halikufua dafu, na ni Shigeru Miyamoto, baba wa Mario, aliyeshauri liongezewe mwendo wa kwenda upande na mambo yanayofanana zaidi na Mario. Ndipo ikaja kazi ya maonyesho ya televisheni, wazo likapewa sura ya ile familia. Kwa hiyo wazo liliingia nyumba ya watu likiwa tayari lina harufu ya Mario, kisha likarudi nyumbani. Tukianza kuhukumu kwa ukoo, ukoo wenyewe haumpi mshtaki anachokitaka.

Isitoshe, kubadilisha hakukuwa kupaka rangi tu. Waliokaa na gemu zote mbili wanajua tofauti wanazozihisi vidoleni. Katika Doki Doki Panic hakuna kukimbia. Kitufe cha B cha kukimbizia kiliongezwa kwa ajili ya Mario. Mhusika haonekani kupungua umbo anapobakiwa na uhai kidogo. Hilo nalo liliongezwa. Kwenye ulimwengu wa tano bosi, yaani adui mkuu wa mwisho wa ulimwengu, alikuwa panya Mouser kwa mara nyingine, akaondolewa akawekwa kaa anayetupa mawe, Clawgrip. Na muhimu kuliko yote, gemu ya Kijapani ilidai uimalize kwa kila mmoja wa wahusika wanne ndipo uuone mwisho wa kweli, ilhali ile ya Marekani inakuacha uchague mhusika kabla ya kila hatua. Badiliko hili la mwisho ndilo lililoifanya gemu iwe ilivyo, nami nitalirudia.

Kuna jambo jingine linaloamua maoni ya mtu kuliko anavyodhani: mpangilio wa kukutana nazo. Mchezaji wa Marekani alipata ya kwanza, akapata hii, kisha Februari 1990 akapata Super Mario Bros. 3. Kwake hii ilikuwa Mario ya pili, basi, wala hakuwa na sababu ya kutilia shaka. Kwa miaka mingi wengi wao hawakuwahi hata kuisikia Doki Doki Panic. Mchezaji wa Japani alipata ya 1985, akapata ile ngumu ya 1986, akapata ya tatu mwaka 1988, akapata Super Mario World mwaka 1990, na ndipo Septemba 1992 hii ikamfikia ikiwa na jina la Super Mario USA. Hebu fikiria unaicheza baada ya kumpanda Yoshi, yule dinosaria wa Super Mario World. Ukimwona mhusika anang'oa turnipi, mboga ya mzizi, ardhini huku adui anamkaribia polepole, lazima uone kama umerudishwa nyuma, tena kwenye nyumba usiyoijua. Mtu wa namna hiyo akisema gemu ni ya ajabu, simlaumu. Lakini anayezungumza hapo ni mpangilio wa safari yake.

Sasa niingie kwenye jibu la mikono, kwa sababu humo ndimo wapinzani wana hoja.

Gemu ya 1985 ni gemu ya kuruka. Kila kitu ndani yake ni jibu la swali moja: umeruka lini, na kwa kasi gani? Ukiwa na kasi unafika mbali, ukichelewa unadumbukia. Saa inahesabu, skrini hairuhusu kurudi nyuma, na mwisho wa hatua unaruka tena, kuushika mlingoti wa bendera juu kadiri uwezavyo. Hii ya pili imeondoa karibu yote hayo. Hakuna saa. Hakuna alama za kuhesabu. Hakuna bendera, hakuna Bowser, hakuna Goomba, hakuna ua la moto. Unaweza kurudi ulikotoka, unaweza kupanda juu na kushuka chini ya ardhi. Kuruka kumebaki, lakini kumekuwa njia ya kufikia kitu cha kushika. Mtu aliyeipenda ya kwanza kwa sababu ya ule mbio wake, ule mwili unaoteleza kidogo kabla ya kusimama, ana haki kamili ya kuona amenyimwa alichokifuata. Huyo hajakosea kitu. Amesema kweli kuhusu kile mikono yake ilichozoea.

Ninachokataa ni hatua inayofuata, pale anaposema kwa kuwa hakikupatikana alichokizoea basi hakuna kitu. Kipo, nacho ni kubeba.

Angalia mwanzo wenyewe. Mlango unafunguka juu angani, unadondoka, unatua kilimani. Ardhini kuna majani yamechomoza. Hakuna anayekuambia lolote. Unasimama juu ya jani, unabonyeza B, mhusika anainama, anavuta, na turnipi inachomoka, inakaa juu ya kichwa chake ikiwa na macho. Sasa umebeba kitu, na kila unachokifanya kimebadilika. Mbele kuna adui: ukimtupia, umebaki mikono mitupu. Unaweza kusubiri wawe wawili wamepangana.  Jani jingine halina turnipi bali chupa ya dawa, na ukiitupa panatokea mlango. Ukiingia uko mahali palepale, ila giza limetanda na kila kitu kimegeuzwa, kushoto kuwa kulia. Humo majani uliyoyaacha bila kung'oa yanatoa sarafu. Pengine kuna uyoga wa kuongeza uhai, lakini sharti mlango uwe umeuweka karibu na pale ulipofichwa, kwa kuwa muda wa kukaa humo ni sekunde chache tu.

Kwa hiyo majani uliyoyang'oa yote kwa pupa yamekugharimu sarafu. Chupa uliyoitupa hovyo imekugharimu uhai. Gemu ya 1985 ilikuwa inakuuliza kuhusu sekunde ijayo. Hii inakuuliza kuhusu mahali, na kuhusu ulichonacho mikononi. Na tazama wimbo unaopigwa mle gizani: ni ule wa mtunzi Koji Kondo kutoka gemu ya kwanza, ule ambao hata asiyecheza gemu anaujua. Wameuweka mahali uliposikika kama kumbukumbu, sekunde kadhaa, halafu unarudishwa nje kwenye wimbo mpya. Sijui alama nyingine ndani ya gemu inayoonyesha vizuri zaidi kwamba waliokuwa wakiitengeneza walijua wanachokibadilisha.

Halafu kuna ufunguo. Wachezaji wengi, wapendao na wasiopenda, wakiulizwa wanakumbuka nini kwanza hutaja Phanto, kinyago kinachoulinda ufunguo usichukuliwe. Ufunguo uko ndani ya mtungi au chumba cha mbali. Vinyago vimebandikwa ukutani kama pambo. Unauinua ufunguo, na kimoja kinatikisika, kinabanduka, kinakufuata. Kinakuja kwa mkunjo, kinapita, kinarudi, hata ukitoka kwenye chumba kinakuja kukutafuta ulikokwenda. Hupigani nacho kwa kurusha mboga. Kitu kimoja tu kinakifukuza: uutue ufunguo. Basi unakimbia nao hatua kadhaa, unautupa kinyago kikikaribia, kinaondoka, unauokota tena, moyo uko mdomoni. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nauacha ufunguo chini nikasimama tu kando yake, nikiutazama, nikijipa ujasiri wa kuugusa tena. Hakuna adui hata mmoja katika gemu ya kwanza aliyewahi kunifanya nisite kuokota kitu. Hofu ile isingewezekana katika gemu ya kuruka. Inatokana na uzito wa kitu unachokibeba, na wabunifu wameutumia uzito huo mpaka mwisho.

Mfano wa tatu ni mdogo lakini ndio ninaoupenda kuliko yote. Birdo, yule kiumbe wa waridi mwenye utepe kichwani, hukusubiri karibu na mwisho wa hatua nyingi, anatema mayai. Unaruka juu ya yai likiwa hewani, unalinyakua, unamrudishia. Mara tatu, amekwisha. Umefanya hivyo tangu ulimwengu wa kwanza, umezoea, pengine umechoka. Unafika hatua ya 4-3, yaani ya tatu ya ulimwengu wa nne, na mbele yako kuna bahari pana isiyorukika kirahisi, na Birdo amesimama pale ukingoni mwanzoni kabisa mwa hatua. Unaduwaa. Kisha anatema yai, yai linapita juu ya maji, na unaelewa: lipande. Silaha ya adui imekuwa chombo chako cha kuvukia. Hakuna sheria mpya iliyoongezwa. Tangu mwanzo uliweza kusimama juu ya yai. Ni wewe tu ulikuwa hujafikiria.

Tukiacha hayo, kuna wahusika wanne, na hapa maoni ya wachezaji yanakuwa matamu kwa sababu kila mmoja anazungumzia gemu yake. Luigi anaruka juu kuliko wote, miguu ikipiga hewani kama anayeendesha baiskeli, na anatua pasipo uhakika. Toad anaruka chini kuliko wote lakini anachimba mchanga na kung'oa mboga kwa kasi ambayo wengine hawana. Kwenye jangwa la ulimwengu wa pili, palipo na mashimo marefu ya kuchimbwa huku maadui wakikushukia kutoka juu, yeye ni mkombozi. Binti mfalme ni mzito wa kuinua vitu, lakini akiruka unaweza kumshikilia hewani akaelea kwa muda. Mario yuko katikati, hana kasoro kubwa wala sifa kubwa.

Kuna wanaosema binti mfalme anaifanya gemu iwe nyepesi mno, kwamba kuelea kunafuta mitego yote. Wana hoja: ile bahari ya 4-3 niliyoisifia, yeye anaweza kuivuka bila yai. Lakini naliona jambo hilo tofauti. Gemu hii haina kitufe cha kuchagua ugumu; wahusika ndio ugumu. Ukimchukua Toad kwenye hatua ya majukwaa ya mbalimbali umejitakia. Ukimpeleka binti mfalme kuchimba jangwani utaona muda ulivyo mrefu. Na kwa kuwa uchaguzi unafanywa upya kila hatua, mtoto aliyekwama na mkubwa anayetafuta changamoto wanaweza kukaa mbele ya skrini moja, kila mmoja akapata cha kwake. Zaidi ya hayo, yule aliyekuwa akisubiri kuokolewa katika ngome ya mwisho ya gemu ya kwanza sasa ndiye anayechaguliwa mara nyingi kuliko mwenye jina lake kwenye jalada. Kwa wasichana wengi wa wakati ule, na kwa wengi wetu wengine, hilo halikuwa jambo dogo.

Kasoro zipo, na mtetezi asiyezitaja haaminiki. Mabosi wanajirudia: Mouser mara mbili, yule nyoka wa vichwa vitatu Tryclyde mara mbili, na Birdo hadi unamchoka. Hakuna kuhifadhi ulipofikia, na unapewa nafasi mbili tu za kuendelea, kwa hiyo gemu ya hatua 20 inayopenda utulivu na uchunguzi inakudai uimalize kwa kikao kimoja. Huo ni mgongano wa kweli, na ndiyo sababu wengi waliocheza toleo la mkusanyiko wa Super Mario All-Stars la 1993, lililokuwa na uwezo wa kuhifadhi, huisifu zaidi kuliko waliobaki na la NES. Mashine ya bahati baada ya kila hatua inageuza juhudi yako ya kukusanya sarafu kuwa suala la kubonyeza na kuomba. Na barafu ya ulimwengu wa nne ni ya kukera kwa Luigi kiasi kwamba sioni mtu wa kuitetea.

Mwisho wa hadithi nao huwagawa watu. Unamlisha Wart mboga, kitu anachokichukia, mpaka anazidiwa. Viumbe waliofungwa wanatoka. Kisha tunaonyeshwa Mario kitandani, amelala. Yote ilikuwa ndoto. Wako wanaosema hiyo ni njia ya kukwepa, Nintendo ikituambia tusiihesabu. Mimi nadhani wanaitwika dhana ya baadaye. Gemu ya asili ilikuwa hadithi ndani ya kitabu. Walipoibadilisha, ndoto ikachukua nafasi ya kitabu. Imefaa, maana nchi yenye milango inayosimama peke yake na mboga zenye macho ni ndoto tangu mwanzo, kabla hujaambiwa.

Niwageukie wale wanaosema mrithi halali ni ile ya 1986, ambayo Magharibi ilikuja kuitwa The Lost Levels ndani ya All-Stars. Naiheshimu gemu hiyo. Ina ulimwengu wa tisa unaofunguka tu kwa asiyetumia njia za mkato, na ulimwengu mwingine wa A hadi D uliohitaji uimalize mara nane kwenye diski. Ni ya watu waliokuwa wameiramba ya kwanza mpaka sahani ikang'aa. Ila angalia inachofanya: inachukua imani uliyoijenga katika gemu ya kwanza na kuitumia dhidi yako. Uyoga ulikuwa mzuri, sasa unaua. Njia ya mkato ilikuwa zawadi, sasa ni adhabu. Bila ya kwanza haina maana, kama jibu lisilo na swali. Waliosema ndiyo pekee mwendelezo wa kweli wanapima kwa kufanana, na kwa kipimo hicho mwendelezo bora ni ule usiobadilisha chochote ila idadi ya mashimo.

Miaka ile hakukuwa na kanuni. Mwaka 1987 Zelda II iliacha mtazamo wa kutoka juu ikawa gemu ya upande yenye upanga na viwango vya uzoefu. Mwaka huohuo Castlevania II iliacha hatua zilizonyooka ikawa safari ya vijiji, usiku na mchana. Hizi nazo hadi leo zinagombaniwa. Tofauti ni kwamba hakuna anayezikataa kwa kuwa zilizaliwa na jina jingine, kwa hiyo mjadala wake hubaki pale unapotakiwa kubaki: je, upigaji upanga ni mzuri, je, vidokezo vya wanakijiji vinaeleweka? Natamani Super Mario Bros. 2 ipewe mjadala wa namna hiyo.

Urithi wake nitautaja upesi, maana unajulikana. Adui Bob-omb alitoka huku, akaingia gemu ya tatu na hajaondoka tena. Ninji na Pokey wamo Super Mario World, Shy Guy wamejaa Yoshi's Island ya 1995, Birdo anaendesha gari katika Mario Kart. Mwaka 2001 Nintendo ilipotafuta gemu ya Mario ya kuizindua konsoli ya mkononi ya Game Boy Advance ilichagua hii. Mwaka huohuo Peach aliingia Super Smash Bros. Melee akielea hewani na kung'oa turnipi ardhini, vitu viwili alivyopewa mwaka 1988. Na Super Mario 3D World ya 2013 imejengwa juu ya wahusika walewale wanne wenye tofauti zilezile. Mauzo ya toleo la NES yalipita nakala milioni 7. Sitaji haya kama ushahidi kwamba gemu ni nzuri, kwani gemu mbaya pia huuzika. Nayataja kwa sababu kauli ya kwamba hii ni gemu ya pembeni haipatani na yaliyofuata. Nyumba imejaa watoto wake.

Mwezi uliopita niliimaliza tena, toleo la NES, bila njia za mkato, hatua zote 20. Baada ya Wart kuanguka inakuja skrini ambayo watu huisahau: wahusika wanne wamepangwa mstari, na kila mmoja ana namba ya hatua alizozimaliza. Ya binti mfalme ilikuwa 9. Toad 7, nyingi zikiwa za jangwani. Luigi 3, zote kabla ya barafu. Mario alikuwa na 1, ile ya kwanza kabisa, nilipomchagua kwa mazoea.